Mtoto Aliyekatazwa Mlima

Siku ya kuniaga pale zahanati mlinipa kitenge, sufuria na nafasi ya kusema neno. Kitenge na sufuria nilivipokea. Neno sikulisema; nikasema asanteni, nikakaa, na mgeni rasmi akadhani nimezidiwa na furaha. Sasa niko nyumbani Karatu, nina miche yangu ya kahawa na kuku wachache, na mchana umekuwa mrefu kuliko nilivyozoea. Basi nawaandikia. Sitaeleza nilipanda cheo lini wala mshahara ulikuwaje, hayo hayamsaidii mgonjwa. Nataka kuwaeleza habari ya watoto na pumzi zao kule juu, na hasa habari ya mtoto mmoja, Nasieku. Baadhi yenu mmenunua shuka kwake dukani bila kujua ni nani.

Nilipangiwa zahanati ile, upande wa Nainokanoka, nikiwa muuguzi mpya kabisa. Mimi ni Mwiraqw, nimezaliwa na kukulia Karatu, kwa hiyo nilijiona mtu wa milimani na sikuwa na wasiwasi. Nilipanda asubuhi kwa gari la mizigo, tukapita geti la hifadhi, tukazunguka ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, na alasiri nikashuka nikiwa na godoro kichwani na sanduku mkononi. Kabla jua halijazama kichwa kilikuwa kinauma kama kimefungwa waya. Nikatapika chai ya kukaribishwa mbele ya walionikaribisha. Nikasema, hii ni malaria nimetoka nayo chini.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa tabibu Bura, mtu wa Mbulu, mzee mkavu aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Alinitazama akatikisa kichwa.

"Siyo malaria, Paskalina. Umepanda haraka. Kunywa maji, pumzika, usibebe tena hilo godoro. Ukizidi kuumwa nitakurudisha chini na gari la kwanza."

"Na nikipona, nitazoea?"

"Wengine huzoea," akasema. "Wengine huomba uhamisho."

Nilizoea. Nilizoea ukungu unaoingia ndani mlango ukifunguliwa, nikazoea kuoga kwa maji ya baridi kali, nikazoea kuchungulia dirishani kabla ya kwenda chooni kwa sababu nyati hawajali zamu ya mtu. Kila mtu aliniita Sista, hata wazee wenye umri wa baba yangu. Lakini kile kichwa cha siku ya kwanza Mzee Bura hakuniacha nisahau. Alikigeuza kuwa somo.

"Wewe ulijua kusema kichwa kinauma," aliniambia. "Mtoto wa mwaka mmoja atasemaje?"

Hasemi. Analia bila sababu, anakataa ziwa, hachezi na wenzake, analala saa ambazo halali. Mama atakuambia tumbo limechafuka, au amechoka na safari. Kwa hiyo Mzee Bura alinifundisha swali la kwanza, kabla ya kushika kipimajoto: mmetoka wapi, na mmefika lini? Halafu alinifundisha kufunua. Watoto wetu wa kule huletwa wamefungwa sweta na shuka mbili juu yake, na muuguzi aliyechoka na baridi hupima paji la uso tu akaandika dawa. Funua kifua. Mwache mtoto atulie mikononi mwa mama yake, kisha tazama mbavu zinavyoingia na kutoka. Mtoto anayepumua mbio akiwa ametulia ana neno, hata kama hana homa.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa namna hiyo alikuwa mtoto wa wageni. Walikuwa pwani, wakapanda ndege ndogo, wakalala hoteli ya ukingoni siku hiyo hiyo. Asubuhi mtoto anatapika, hataki hata kuangalia tembo. Wazazi waliishuku supu ya hoteli, na mpishi alikuwa ameshaitwa ofisini. Dereva wao, kijana wa Karatu, akawaleta kwetu. Mzee Bura alimpima, akasikiliza kifua, akasema, "Mshushe Karatu sasa hivi, wasisubiri kumaliza mizunguko ya wanyama." Dereva alitupigia jioni: mtoto anaomba chipsi. Wiki iliyofuata yule mpishi alituletea kuku wa kuokwa. Katika kazi yangu yote sikumbuki dawa iliyolipwa vizuri hivyo.

Lakini wageni ni rahisi. Wanajua kwamba wamepanda. Wanaotusumbua ni watu wetu, maana mtu haamini kwamba nyumbani kwake kunaweza kumdhuru. Mzee Bura aliyarudia haya mpaka nikawa nayasikia usingizini, nami nawarudishia ninyi. Mtoto aliyepandishwa kwa gari kwa siku moja yuko hatarini kuliko aliyepumzika njiani. Mwenye mafua au kikohozi kifuani asipandishwe kwanza, maana mapafu yake tayari yana kazi. Aliyewahi kuumwa hivyo mara moja, mtazame zaidi mara ya pili. Mwenye moyo uliozaliwa na kasoro, mtazame kuliko wote. Na unene si kinga, wala nguvu si kinga. Wala kuzaliwa pale si kinga, ikiwa mtoto ameshuka akakaa chini muda mrefu kisha akarudi. Mapafu husahau. Akirudi huwa mgeni, na pengine mgeni mbaya kuliko mgeni mwenyewe.

Mzee Bura alistaafu akarudi Mbulu, na baada yake zahanati ikapata vitu alivyovitamani: kipimo cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, na mashine ya oksijeni. Kile kipimo kitumieni, ila msikifanye hakimu. Vidole vya baridi hukidanganya. Visugueni kwanza vipate joto, na jueni kwamba kule juu hata mtoto mzima kipimo chake huwa chini kidogo ya cha mtoto wa Karatu. Mashine ya oksijeni nayo ni nzuri sana siku ambazo umeme wa jua upo, na mnajua wenyewe ukungu wetu.

Nasieku aliletwa asubuhi moja ya ukungu wa namna hiyo. Alikuwa na miaka kama minne. Mama yake, Namunyak, alimbeba mgongoni kutoka bomani kwao, mwendo mrefu, na nyuma yake alikuja bibi yake mzaa baba, ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi kwa Kimaasai. Namunyak alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, Kiswahili chake safi. Mume wake, Lemayian, alikuwa mlinzi Dar es Salaam.

Nilianza na swali langu.

"Mmetoka wapi, mama?"

"Nyumbani."

"Kabla ya nyumbani?"

"Dar. Baba yake alivunjika mguu, tukaenda kumtunza. Tumekaa msimu mzima."

"Mmefika lini hapa?"

"Juzi. Basi mpaka Karatu, tukabahatika kupata gari la unga siku hiyo hiyo."

"Mtoto alikuwa mzima?"

"Mafua tu. Ya kwenye basi."

Nilifunua shuka. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kama mtu anazivuta kwa kamba. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, na alipokohoa, kitambaa cha mama yake kilibaki na povu lenye wekundu. Nilimwekea oksijeni kwa umeme kidogo uliobaki kwenye betri, nikamwambia Namunyak kwamba mtoto lazima ashuke, sasa.

Koko alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu, na shanga zake zilisikika kabla ya sauti yake.

"Ashuke aende wapi? Huyu amezaliwa hapa. Mlima ni wake."

"Ni wake, Koko. Lakini alikwenda mbali akakaa. Kifua chake hakijakumbuka bado."

"Basi kipe muda."

"Hana muda," nikasema.

Namunyak hakusubiri tumalize. Alikuwa ameshamfunga mtoto tena. Lile gari la unga lilikuwa limepanda tena, liko duka la jirani likishusha, na dereva alipomwona mtoto aliacha mifuko iliyobaki barabarani, akawasha. Nilikaa nyuma pamoja nao, nimemwegemeza Nasieku kifuani kwangu akiwa ameketi, maana akilala alizidiwa. Kwenye ukingo wa kreta hatukuona kitu isipokuwa weupe. Namunyak alikuwa akimwita jina lake, taratibu, bila kuacha. Tulipopita getini vidole vya mtoto vilianza kupata joto. Kwenye mashamba ya kahawa alifungua macho akaomba maji, na mama yake akaangua kicheko ambacho sijui kama kilikuwa kicheko.

Hospitalini Karatu daktari alimtibu, kisha akamsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko kawaida. Aliuliza kama mtoto alikuwa anatoka jasho wakati wa kunyonya. Namunyak akasema ndiyo, tangu mchanga, na alikuwa anachoka kabla ya kushiba. Baada ya vipimo tuliambiwa: ana tundu kwenye moyo. Damu inakwenda mapafuni kwa nguvu isiyotakiwa, na hewa nyembamba ya juu inazidisha mambo. Aandikishwe kwa wataalamu wa moyo Dar es Salaam, na foleni ni ndefu. Mpaka hapo asipande.

"Asipande kwa muda gani?" Namunyak akauliza.

"Mpaka atibiwe," daktari akasema. "Akipanda tena anaweza asifike kwa Sista."

Fikirini mama yule. Alikuwa na watoto wengine wawili juu, ng'ombe, mbuzi, na mama mkwe. Chini alikuwa hana hata chumba. Hapo ndipo anapoingia Mama Zuhura, mjane mwenyeji wa Kondoa, mwenye duka la shuka na shanga karibu na stendi. Namunyak alikuwa mteja wake tangu ajue kununua. Alisikia habari, akafunga duka, akaja hospitali na chupa ya uji.

"Niachie mtoto," akasema. "Mimi wangu wameolewa. Nyumba inalia."

Namunyak alipandisha maneno hayo kwa Koko, na Koko akatuma jibu kupitia kwangu, siku niliyopanda kurudi kazini. Alinikamata mkono pale mlangoni pa zahanati.

"Kamuulize huyo Mswahili. Mjukuu wangu atamfanya nini?"

Nilimuuliza Mama Zuhura vile vile nilivyotumwa. Hakukasirika.

"Mwambie nitamlisha na kumsomesha. Jina lake sitaligusa. Na dini yake akikua atajua mwenyewe."

Mwanzoni mtoto alilia. Alisimama nje ya duka akiangalia mlima, na wateja wakawa wanampa peremende. Namunyak alishuka kila siku ya mnada, wanakaa pamoja kibarazani, anamsuka, anamwimbia, jioni anapanda. Kila nilipokuwa mapumziko mjini nilipita kumsikiliza kifua. Miezi ikaenda, mtoto akaanza shule, akapata marafiki, akaanza kucheza kitambo kidogo na kuchuchumaa apumzike. Siku moja ya mnada Namunyak aliaga, na Nasieku akampungia mkono huku anaendelea kuruka kamba. Namunyak alikuja kunisubiri kwenye gari akiwa amejifunika uso. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na zamu ikawa ya mama.

Koko hakushuka. Alisema hajawahi kulala chini na hataanza uzeeni. Alituma maziwa kwenye kibuyu, na nilipopanda aliniuliza swali moja tu: "Amerefuka?" Nilimwonyesha kwa mkono. Kila mara mkono ulikuwa juu zaidi, na kila mara aliutazama mkono wangu kana kwamba mtoto yuko chini yake.

Halafu Koko akaugua, uvimbe wa tumboni, aina ile ambayo sisi wa zahanati tunaijua kwa kugusa. Alipelekwa hospitali ya huko huko juu, akarudishwa bila tiba. Akaanza kumtaja Nasieku. Lemayian akaja kutoka Dar, anachechemea kwa ule mguu wake, akanifuata zahanati.

"Sista, nataka nimlete mtoto amwone bibi yake. Apande asubuhi, ashuke mchana. Wewe ukae naye na hiyo mashine."

"Nimepita kwa Mama Zuhura juzi. Mtoto ana mafua, na kifua kinakoroma."

"Mama yangu anakufa."

"Najua, baba."

"Saa moja tu!"

Nilimwambia siwezi kumpa hata hiyo moja. Akalia mbele ya wagonjwa, mwanamume mzima aliyevaa koti la ulinzi, na mimi nikamsogezea kiti. Nimewahi kukataa vitu vingi katika kazi hii, dawa zilizoisha, gari ambalo halipo. Kile ndicho kizito kuliko vyote, na nawaambia ningekataa tena.

Alirudi bomani akamweleza mama yake. Alidhani atamlaani nesi. Koko aliagiza maji ya kunawa uso, akasema:

"Basi nishusheni mimi."

Walimshusha kwa gari la unga, juu ya magodoro. Nilikuwa naye. Mama Zuhura alikuwa amempa chumba chake mwenyewe, ametandika shuka nyekundu mpya kutoka dukani. Nasieku aliletwa kutoka shule. Alisimama mlangoni akiwa na sare, mwembamba, anapumua kwa mdomo kwa sababu ya mafua, kisha akamwendea na kuinamisha kichwa, kama watoto wa kule wanavyomwinamia mkubwa ili awaguse utosini. Koko aliweka mkono pale akauacha.

"Amerefuka," akasema.

Walikaa pamoja siku zake zote zilizobaki. Nasieku alimlisha uji kwa kijiko, akamsomea kitabu cha shule kwa Kiswahili ambacho Koko hakukijua vizuri. Wale wanawake wawili wazee, mmoja na rozari aliyopewa na mapadre, mwingine na tasbihi, walikuwa wakinong'ona asubuhi kila mmoja kwa upande wake. Sikujua wanaelewana kwa lugha gani. Koko alifariki mchana, wakati Mama Zuhura anamgeuza.

Alipaswa kuzikwa kwake, juu. Na Nasieku hakuweza kumfuata.

Tulikubaliana amsindikize mpaka getini. Mimi nilibaki naye pale, wengine wakaendelea. Wanaume wa getini, watu wa kazi kama sisi, walisimamisha magari ya watalii yasubiri. Gari la maiti liliposogea, Nasieku alipiga hatua mbili mbele, akainamisha kichwa kulielekea. Gari likaingia msituni. Yeye akabaki ameinama. Watalii walikuwa wanatazama kupitia vioo. Nikaweka mkono wangu utosini kwake, na hapo ndipo akainuka.

Mwaka uliofuata foleni ilimfikia. Alipasuliwa Dar es Salaam, tundu likazibwa, Lemayian akilala kwenye benchi la nje tangu mwanzo mpaka mwisho. Alirudi Karatu na kovu la kifuani, akakimbia uwanjani bila kuchuchumaa. Madaktari walimfuatilia mwaka hadi mwaka, wakitaka kuona shinikizo la mapafu limeshuka. Walikuwa waangalifu nami nikawaunga mkono. Ndipo hivi karibuni, kabla sijastaafu, wakasema anaweza kupanda asubuhi na kushuka jioni, akiwa hana mafua, na pawe na mtu wa kumwangalia. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Alikuwa binti mkubwa sasa. Tulipanda polepole, tukasimama ukingoni apumzike. Nilimbana kipimo kidoleni mara nyingi mpaka akacheka. "Sista, utakimaliza kidole." Kilisoma vizuri. Nilifurahi kama mjinga.

Bomani walikuwa wametoka nje wote. Wadogo zake wawili, waliozaliwa akiwa chini, walimwinamia kama mgeni. Wanawake walimsalimia kwa Kimaasai naye akajibu nusu, halafu akakwama, akamtazama mama yake amsaidie. Namunyak alimtolea chai kwenye kikombe cha udongo chenye maua, kile ambacho huwa anampa diwani na mimi. Nasieku alikipokea kwa mikono miwili. Alikaa kwenye kigoda karibu na moshi, macho yanamtoka machozi, anajitahidi asikohoe ili nisishtuke. Walimwonyesha mahali alipozikwa Koko. Alisimama pale muda mrefu. Aliporudi alininong'oneza, "Sista, tunaweza kushuka sasa?" Jua lilikuwa bado juu sana.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nina baridi tu."

Namunyak alisema atatusindikiza. Alivaa shuka yake nzuri na shanga zote. Ndani ya gari alimshika mkono bintiye tangu bomani, na walizungumza kidogo sana. Tulipita ukingoni, tukapita getini, tukateremka kwenye mashamba ya kahawa, na kila tulivyoshuka Nasieku alizidi kuchangamka, akaanza kutaja majina ya watu barabarani. Jioni tulisimama mbele ya duka. Mama Zuhura alikuwa kibarazani anakunja vitambaa. Nasieku alifungua mlango kabla gari halijatulia, akamkimbilia, akamkumbatia kiunoni.

"Mama," akasema, "nimerudi nyumbani."

Namunyak alikuwa bado ameshika mlango wa gari, mguu mmoja chini. Alisubiri kidogo. Kisha akashuka, akaenda pale kibarazani, akamsalimia Mama Zuhura, akachukua upande wa pili wa kitambaa akamsaidia kukikunja.